Mtayarishaji Mkuu wa "Anua!"

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mashine imefika! Imekuja ndani ya boksi lisilo na picha wala maandishi, utadhani ni siri ya serikali. Si mashine ya gemu ya dukani hii. Ni ya mafundi tu. Kampuni yenye mashine huwaazima watu waliokubaliwa, wajaribie gemu zao. Na waliokubaliwa ni sisi.

Nasema sisi. Mke wangu anasema ni mdogo wake. Tusigombane kwa vitu vidogo.

Niandike vizuri, maana siku moja watu watataka kujua mambo yalivyoanza. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi wa majokofu. Miaka mingi sasa, akitoka kazini huvua ovaroli, hukaa mbele ya kompyuta yake kuukuu inayonguruma kuliko hayo majokofu, na kutengeneza gemu. Peke yake. Hakuna aliyemtuma. Gemu inaitwa "Anua!" Mama mmoja ameanika nguo uani. Wingu linakuja. Anua kabla mvua haijashuka. Zikilowa, unafua upya. Basi! Hakuna bunduki, hakuna gari, hakuna hata mwizi. Ua wenyewe ni wa marehemu mama mkwe, mpaka ule ufa wa sakafu pale bombani. Watu wa kompyuta wameicheza wakaisifu mno, na sasa inahamishwa iingie kwenye mashine za sebuleni. Wakaguzi wa kampuni wakiipitisha, itatoka mwezi ujao, siku ileile aliyofariki mama mkwe. Shemeji aliiomba siku hiyo mwenyewe na kampuni ikampa.

Mashine imefungwa kwetu kwa sababu TV yetu ndiyo kubwa kuliko zote katika ukoo. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Gemu bila TV ni nini? Ni umeme tu. Kwa hiyo leo nimejiteua Mtayarishaji Mkuu, na nimetangaza mbele ya wote. Hakuna aliyepinga. Shemeji alikuwa chini ya meza akitafuta soketi na mke wangu alikuwa jikoni, lakini kimya ni kukubali.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeaga dukani ninakofanya kazi kwamba tumbo linauma. Leo kaja mhamishaji. Mwanamke mwembamba, mkoba mkubwa, kicheko hana. Kazi yake ni kuzitoa gemu kwenye kompyuta na kuzifanya zikubali kwenye mashine za sebuleni. Nilidhani ni kunakili tu, kama wimbo. Kumbe! Wakaguzi wana kitabu cha kanuni, na huyu mama amekimeza chote. Nimempa jina la Bibi Kanuni. Hajui.

Kanuni ya maandishi: yasomeke na mtu aliyekaa mbali. Kanuni ya vitufe: cha kukubali kiwe kilekile kila mahali. Na iliyo kubwa kuliko zote: rimoti ya gemu ikichomoka au betri ikiisha, gemu isimame palepale, iseme rimoti imepotea, isubiri. Nikauliza, na mchezaji akienda msalani je? Akasema atasimamisha mwenyewe. Nikauliza, akisahau? Akaniuliza kwani mimi ni nani. Nikamwambia ni Mtayarishaji Mkuu. Akamtazama shemeji. Shemeji akaitazama mashine. Kisha Bibi Kanuni akaniambia kile kitu hakiitwi rimoti. Mimi nimeangalia TV maisha yangu yote. Ni rimoti.

Hata hivyo mchango wangu leo umekuwa mkubwa. Bibi Kanuni alitaka mtu wa kukaa mbali asome maandishi. Nikasema nipo. Sikuhitaji hata kusogea! Kiti changu kiko umbali uleule unaotakiwa. (Ni kiti cha dukani kwetu, kilivunjika mguu wakati wa kushushwa, nikakichukua kwa bei ya kutupa. Sasa kina tofali na kimetulia kabisa.) Nimesoma mchana kutwa. Inaonekana. Haionekani. Ongeza. Shemeji akasema hajawahi kuniona na manufaa kiasi hiki. Angalau yeye anatambua.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Tumbo bado, kwa mujibu wa dukani. Leo nimeicheza gemu kwa mara ya kwanza. Siwezi kupita wingu la pili. Vitufe vimepangwa vibaya.

Tena kuna mtu humo ndani. Sijampenda. Pembeni mwa ua amekaa mwanamume mnene, yuko kwenye kiti, anakunywa chai. Mama anahangaika na mashuka, yeye hainuki. Ukipita karibu unajikwaa kwenye miguu yake, nguo zinaanguka topeni. Mara kwa mara ananyoosha kidole mawinguni na maneno yanatokea juu ya kichwa chake: "Wahi!" Shemeji anamwita Mtu wa Kiti. Nikamuuliza wa nini. Akasema kila ua una mtu wake. Nikauliza, sasa mbona hasaidii? Mke wangu alikuwa anapita na beseni la nguo. Akasimama, akasema hilo ni swali zuri sana, akangoja jibu. Kisha akaenda zake uani.

Kosa moja nimewakamata nalo. Kiti cha mtu huyo kina tofali kwenye mguu wa mbele. Wapi na wapi! Tofali likiwa mbele unatelezea nyuma. Tofali hukaa mguu wa nyuma, kushoto. Nina uzoefu. Shemeji alinishukuru akarekebisha papo hapo. Akaniuliza pia kikombe cha chai mtu kama huyo angekiweka wapi. Nikamwonyesha: sakafuni, kulia, mahali ambapo mtu mwingine ndiye atakayekipiga teke. Bila mimi wangeaibika.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimepeleka ombi langu kwa adabu. Baada ya chakula, watu wameshiba, mioyo laini. Nikasema ingefaa jina langu lionekane mwanzoni, peke yake, kabla ya kitu kingine chochote. Shemeji akasema majina yako mwishoni, ya wote pamoja, herufi sawa. Mwishoni! Nani anafika mwishoni? Mimi mwenyewe nimekwama wingu la pili! Bibi Kanuni akasema mwanzoni kuna picha moja tu, wingu jeusi la sekunde mbili, wakati gemu inajipanga kwa ndani, na iachwe hivyohivyo. Mke wangu akasema mbona hata jina la mdogo wake halipo mwanzoni. Nikasema huo ni uzembe wake yeye.

Nilikasirika mpaka chai ikapoa. Miaka yote hii katika familia hii nimekuwa mtu wa "mwite naye aje kula." Harusi zao, sisimami na kipaza sauti. Vikao vyao, nashika mlango. Mara moja tu nataka jina langu liwe juu ya kitu. Mara moja!

Lakini likaja la kufariji. Shemeji anataka kumpa Mtu wa Kiti sauti. Na anataka yangu! Nikauliza, si mtafute mwigizaji? Akasema mwigizaji itabidi afundishwe. Wakaniwekea kinasa sauti kwenye mkono wa kiti, wakaniambia nikae kama kawaida yangu, niseme ninavyosema wingu likitanda. Maneno yakatoka yenyewe. "Wahi, wahi!" "Anza na mashuka!" "Hilo nalo umeliacha?" "Si nilisema?" "Ningekuwa mimi ningeshamaliza." Mke wangu alijiziba mdomo kwa mkono. Bibi Kanuni, asiyecheka, alitoka nje kidogo, nadhani kwa simu. Hatukurudia hata sentensi moja. Wengine tumezaliwa na vipaji.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Dukani. Mimi nauza makochi. Upande wa pili wa duka kuna muuza magodoro, na tangu aajiriwe hatuivi chungu kimoja. Anauza wateja wakiwa wamelala. Ushujaa gani huo? Leo kamnong'oneza mwenye duka kwamba mimi siumwi tumbo, naumwa gemu. Nikaona liwalo na liwe. Nikatangaza kati ya makochi: natayarisha gemu itakayochezwa dunia nzima, jina langu litatangulia, na siku ikitoka nawaalika wote kwangu walione kwenye TV. Mwenye duka akaniita Mkurugenzi mbele ya wateja! Yule wa Magodoro akauliza, litatangulia kabisa? Nikasema kabisa. Akauliza, na picha? Nikasema na picha.

Sijui hiyo picha ilitokea wapi. Ulimi hauna mfupa. Sasa maji nimeyavulia nguo, sharti niyaoge.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Nimefanya!

Gemu imekamilika. Wiki nzima Bibi Kanuni ameijaribu, amechomoa rimoti katika kila wingu, na kila mara gemu imesimama kama askari. Kesho asubuhi inatumwa kwa wakaguzi. Leo mchana wote wamekwenda kumwangalia shangazi yao aliyevunjika nyonga. Nikasema nabaki kulinda mashine. Na kompyuta ya Bibi Kanuni iko palepale mezani, imewashwa, haijafungwa, kwa kuwa anaamini watu.

Nimekaa nyuma ya mama huyu muda mrefu. Wanaodhani kukaa ni uvivu hawajui kwamba aliyekaa huona. Najua picha ya wingu jeusi imehifadhiwa wapi. Najua sekunde zimeandikwa mstari gani. Najua anabonyeza nini ili gemu ijengwe upya. Basi nimelitoa wingu. Nimeweka picha yangu ya suti, ile ya harusi ya mpwa wangu, nikamkata aliyesimama kando yangu (ni mke wangu, na macho alikuwa amefumba). Chini yake nikaandika MTAYARISHAJI MKUU na jina langu, la baba na la babu. Sekunde zilikuwa mbili. Mbili ni za mwizi anayekatiza dirishani. Nimeandika sitini.

Nikabonyeza. Ikajengwa. Nikajiona kwenye TV, mtu mzima ndani ya suti, dakika nzima! Machozi yalinilenga. Wakija kugundua gemu itakuwa imeshatoka, na watasema tu, alistahili. Mcheza kwao hutuzwa.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Bibi Kanuni kaja, hakukaa, katuma, kaondoka. Hakuifungua hata kidogo! Akasema chakula kilichoonjwa wiki nzima hakionjwi tena. Nilikuwa nimeshika mkono wa kiti mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha nikaagana naye kwa heshima zote na kumtakia safari njema.

Dukani nimetembea kati ya makochi mikono nyuma. Nimemwambia Yule wa Magodoro aanze kutafuta nguo ya kuvaa siku hiyo.

Jumatano, tarehe 26 Machi

Imekataliwa.

Bibi Kanuni alisoma majibu ya wakaguzi akiwa amesimama katikati ya sebule. Walichomoa rimoti wakati wa picha ya mwanzo, gemu haikusimama wala kusema kitu. Walipoirudisha, ikakwama kabisa. Akasema haiwezekani. Ile sehemu inayochunga rimoti huamka baada tu ya picha ya mwanzo, na picha ni ya sekunde mbili, hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuwahi. Akaendelea kusoma. Sauti ikapungua. Wakaguzi wanauliza pia kwa nini mwanamume mwenye suti hawezi kurukwa, na je, ni sehemu ya hadithi?

Wote wakanigeukia. Mimi nikaigeukia TV. Ilikuwa imezimwa, nikajiona humo, nimekaa.

Nilijitetea kama mwanamume. Nikasema: ni mkaguzi gani mwenye akili timamu anayechomoa rimoti mtu akiwa anatambulishwa? Huko kwao hawana adabu? Bibi Kanuni akasema yeye pia ana kosa, la kutuma bila kuangalia tena, na la kuacha kompyuta wazi mbele ya mtu kama mimi. Shemeji alikunja waya mmoja taratibu, akauweka mezani, akachukua boksi lake la spana akaenda kazini. Kuna jokofu la bucha limezima. Heri angenitukana.

Wataikagua tena, ila tumerudi mwisho wa foleni. Siku ya mama mkwe itapita gemu ikiwa bado inasubiri.

Alhamisi, tarehe 27 Machi

Mke wangu alikuwa hasemi nami. Asubuhi hii amesema yote kwa mpigo, huku akikunja nguo. Kwamba mama yao ameacha picha moja tu, ya kitambulisho, imepauka uso hauonekani. Kwamba mdogo wake alilijenga ua lile kipande kwa kipande ili wapate mahali pa kumwona akitembea. Kwamba walipanga siku ile, yeye na mdogo wake, wakae mbele ya TV wamwanulie nguo zake mara moja, wakijua na watu wengine huko duniani wanamwanulia. Na kwamba mama yao alipokuwa hai alikuja kukaa kwetu mwezi mzima, na mimi sikumshikia hata kibanio cha nguo.

Nilitaka kumkumbusha kwamba mwezi ule nilikuwa na mgongo. Akasema nyani haoni kundule. Nikamwambia hapo tumekubaliana, mdogo wake haoni hata kidogo. Akarudi kukunja. Shati langu akaliacha halijakunjwa, juu ya kiti, kama mtu mwingine.

Inauma. Niseme wazi, inauma sana. Nimewapa sebule, nimewapa macho yangu, nimewapa sauti, na ninachokumbukwa nacho ni sekunde sitini! Shukrani ya punda ni mateke.

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Mwerevu haanguki akabaki chini. Nimewaandikia kampuni moja kwa moja, kwa cheo changu. Nimewasifia mashine yao, rangi yake, uzito wake. Nimewaeleza kwamba mwanamume mwenye suti ndiye mimi, kwamba hana haja ya kurukwa, na kwamba wakipitisha gemu kabla ya siku ya mama mkwe, niko tayari kupunguza sekunde hadi arobaini na tano. Huo ni ungwana.

Wamejibu palepale! Wamesema ujumbe wangu umepokelewa na nisijibu ujumbe huu. Nimejibu.

Ijumaa, tarehe 4 Aprili

Kampuni imemuuliza shemeji kama ana Mtayarishaji Mkuu. Shemeji amejibu hana. Herufi nne, bila hata salamu. Bibi Kanuni amesema laiti ningetuma barua moja zaidi, wangedhani gemu ina wenyewe wawili wanaogombana, na ingetolewa kwenye foleni moja kwa moja. Sasa nimekatazwa kuandika. Mtu mzima mimi, nakatazwa kuandika!

Ndiyo maana naandika hapa.

Jumamosi, tarehe 5 Aprili

Shemeji na Bibi Kanuni wamekuja kuchukua mashine. Nikasema chukueni, tuone mtaifunga wapi, kwenye kijiredio? Wakaifungua TV ukutani. TV yangu! Nikasimama. (Nilisimama, liandikwe hilo.) Nikasema TV haitoki humu. Mke wangu akaniuliza ilinunuliwa na nani. Ni kweli kwamba aliinunua yeye. Lakini ukuta niliuchagua mimi.

Sasa iko kwa shemeji, chumba kimoja na kitanda chake na majokofu mawili ya watu. Kazi inaendelea huko. Bibi Kanuni naye kahamia huko na mkoba wake. Na mke wangu kila akitoka kazini anapitia huko kwanza. Ukutani pamebaki misumari minne na alama nyeupe ya mstatili. Nimekaa nikaiangalia jioni nzima. Hakuna cha kuangalia kingine.

Dukani nimesema gemu imesogezwa mbele kwa sababu za kimkakati. Yule wa Magodoro akauliza mkakati gani. Nikamwambia ungekuwa unauelewa usingeuza magodoro.

Jumamosi, tarehe 12 Aprili

Leo ndiyo siku. Walikwenda makaburini, shemeji, mke wangu na baba mkwe, yule mzee ambaye mpaka leo hufua nguo zake mwenyewe ili aonekane. Mimi nilibaki. Nilisema mtu lazima abaki nyumbani.

Walirudi mchana wakapitiliza kwa shemeji. Mke wangu kaja baadaye, macho mekundu, akaniambia wamefungua gemu wakakaa wote watatu, hakuna aliyebonyeza kitu. Walimtazama tu mama akitembea uani mpaka mvua ikanyesha na nguo zote zikalowa. Nilisikia kitu kifuani, kizito, kikapanda mpaka kooni. Nadhani ni maharage.

Nilimwambia wangenipigia, ningewapa maelekezo. Mashuka kwanza.

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Imepita! Nimesikia kupitia mlangoni, mke wangu akipiga vigelegele kwenye simu. Kisha akacheka, kicheko ambacho sijakisikia humu ndani siku nyingi. Nikatoka kwa mikono miwili nimpongeze, akakata simu, akasema gemu inatoka wiki ijayo, Jumamosi.

Nikamuuliza, na mwanzoni kuna nini? Akasema wingu. Nikauliza la sekunde ngapi. Akasema mbili. Nikauliza, na mimi niko wapi? Akasema nipo, nisiwe na wasiwasi, nipo kila mahali. Mtu wa Kiti, tena, ni wazo lake yeye, si la mdogo wake. Akaniambia hivyo huku ananitazama machoni, kama anayengoja kitu. Sasa na yeye anajidai mtunzi! Kila mtu katika nyumba hii anataka sifa.

Lakini "kila mahali." Hilo neno nimelipenda. Nimemwomba anifulie suti.

Jumamosi, tarehe 17 Mei

Siku yenyewe. Shemeji amewaita watu kwake. Nami nimealikwa, kwa namna yao: mke wangu alisema naweza kuja nikisaidia kubeba viti vya kuazima kutoka kwa jirani. Viti! Mimi niviuze wiki nzima halafu Jumamosi nivibebe? Mtayarishaji habebi viti. Nikasema nitabaki. Akasema alijua. Kabla ya kutoka alisimama mlangoni, akaangalia juu, akasema ameanika nguo nyingi, na suti yangu iko kambani pia, na wingu lile halimfurahishi, kwa hiyo anayebaki aangalie. Nikamwambia asiwe na shaka, nitaangalia.

Saa nne wingu likawa jeusi. Niliona mapema, kama kawaida yangu.

Kisha hodi. Yule wa Magodoro! Mwenye duka na wengine wamesahau mwaliko, lakini adui hasahau. Kaingia, kaangalia ukuta, misumari minne, kauliza TV iko wapi. Nikasema iko kwenye matengenezo. Akatoa simu. Kumbe watu wameshaanza kucheza na kujirekodi wakicheza. Tukaangalia. Mwanzo: wingu. Sekunde mbili. Hata sikupepesa.

Halafu ikasikika. "Wahi, wahi! Anza na mashuka!" Sauti yangu! Yule wa Magodoro alinitazama mimi, akatazama simu, akatazama kiti changu, akatazama tofali. Nguo zikaanguka topeni na mimi nikasikika: "Si nilisema?" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, pale penye msumari. Inaonekana furaha kubwa ya wachezaji ni kukusanya soksi mbichi na kumtupia Mtu wa Kiti usoni. Hazina faida yoyote kwenye gemu, wanamtupia tu. Kuna mwanamke mmoja hakuanua hata nguo moja, alimtupia soksi mpaka mvua ikaisha, akasema ameishi naye mtu huyu miaka mingi.

Nikamwambia Yule wa Magodoro afike mwisho, kwenye majina. Akapata mtu aliyemaliza. Majina yakapita, wote pamoja, herufi sawa, shemeji, Bibi Kanuni, mke wangu, hata shangazi wa nyonga. Na karibu na mwisho: "Sauti na mwenendo wa Mtu wa Kiti: shemeji yetu, akiwa amekaa." Jina hakuna! Wala la baba wala la babu! Yule wa Magodoro akaenda zake bila kunywa hata maji. Nilimsikia akicheka mpaka kona ya barabara.

Nimekaa nikalifikiria jambo hili kwa utulivu, na sasa nimeshalielewa lote. Mtu wa Kiti ni baba mkwe. Ni wazi! Wanamdhihaki mzee wa watu kwenye gemu, mbele ya dunia nzima, na wamemwazima sauti yangu ili asijitambue. Kufua nguo zake mwenyewe si ni kujificha tu? Namhurumia. Kuishi na watu miaka yote hiyo na usijue wanakuonaje. Nitamwambia, kwa upole, nikipata nafasi.

Na nimepata wazo. Watu wamempenda Mtu wa Kiti kuliko mama mwenye nguo. Basi ipo gemu ya pili hapa! Yeye peke yake, ua mzima wake, akitoa maelekezo. Sauti ipo tayari. Shemeji ataitengeneza jioni, akitoka kwenye majokofu. Picha ya mwanzo, suti. Sekunde tisini. Kesho nitamweleza, akija.

Mvua imeanza. Si nilisema? Naona kila kitu kutoka hapa, dirisha limekaa sawasawa na kiti. Mashuka. Magauni ya mke wangu. Suti yangu, mikono imening'inia, maji yanachuruzika. Nimeita: wahi, anzeni na suti! Hakuna aliyeitika. Nimeita tena, kwa sauti ileile inayosikika dunia nzima.

Watu wa nyumba hii hawajitumi kabisa.